Nyumba Iliyokataa Sauti Yake

Povu machoni, giza bafuni, na nje ya mlango mtu anacheka huku amejiziba mdomo. Hapo ndipo Mama Mapazia alipokwama wiki iliyopita, na kama ulidhani siku hizi zote zimemletea hata taulo, umekosea.

"Washa taa!" alipiga kelele.

Taa haikuwaka.

"Washa taa ya bafuni, nakwambia!"

Kisanduku cha ukutani, kile cheupe kama kipande cha sabuni, kikamjibu kwa upole wa mtu anayekufukuza kazi: "Sauti hii haijulikani katika nyumba hii."

Haijulikani! Mwanamke aliyeshona kila pazia la kila dirisha humo ndani, mpaka mtaa mzima ukamvua jina lake na kumvika hilo la Mama Mapazia! Mwanamke ambaye hata kiwanja kilichobeba nyumba hiyo kilitoka kwa marehemu baba yake!

Wewe uliyeliokota gazeti hili leo kwenye kiti cha kinyozi, pokea ya nyuma kwa pumzi moja. Mumewe, Mkandarasi, alileta taa za kuitwa kwa mdomo. Dada yake, Wifi Manukato, akaamuru swichi zote zing'olewe na matundu yazibwe kwa saruji, eti ukuta uwe laini kama shavu la bi harusi. Kisha akaja Fundi Nyaya na kisanduku, na watu wa nyumbani wakasimama mbele yake mmoja mmoja wakisema maneno, kisanduku kizijue sauti zao.

Mama Mapazia hakuwepo. Alikuwa ametumwa mbali kupima madirisha ya mteja ambaye, alipofika, hakuwepo wala hakuwahi kuzaliwa.

"Utasajiliwa kesho," aliambiwa aliporudi.

Kesho hiyo mpaka leo iko njiani.

Tangu hapo taa humwakia akiwa usingizini na kumzimikia akiwa na sindano mkononi. Akilalamika, wanatazamana. Akiiambia taa iwake, haiwaki, wanatazamana tena. Neno likavaa viatu likatoka kwenda mtaani: mke wa Mkandarasi anaongea na kuta.

Jamani, katika nyumba ile kila mtu anaongea na kuta! Ila mwehu ni yule ambaye ukuta haumjibu.

Basi Mama Mapazia akapapasa ukutani, akagonga paji la uso kwenye rafu, chupa zikamporomokea miguuni. Mwisho mkono ukakuta taulo. Akajifuta, akashika kitasa, akafungua mlango upana wa jicho moja.

Akaona.

Wifi Manukato alikuwa kwenye ukumbi, ubavu kwa mlango, vidole viwili vimebana pua kama mtu anayetaka kujirusha mtoni.

"Washa taa ya bafudi," alikiambia kisanduku.

Bafu likawaka.

"Ziba taa ya bafudi."

Bafu likazima.

Utamu ukamzidi. Akaachia pua ili acheke vizuri, na kwa kujisahau akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Washa tena, basi."

"Sauti hii haijulikani katika nyumba hii."

"Nyamaza, mjinga we!" Wifi Manukato alikinong'oneza, na vidole vikarudi puani mbio.

Mama Mapazia akaurudisha mlango polepole. Akauma taulo, maana kicheko na kilio vilikuwa vinagombania koo moja.

Alikumbuka! Siku ile ya kusajili sauti, Wifi Manukato alikuwa na mafua ya kuangusha ng'ombe. Kwa kuwa pua haikusikia harufu, alijimwagia manukato chupa nzima, jirani akafunga madirisha na paka wao akahama. Nyumba ilijifunza sauti yenye mafua. Mafua yakapona. Nyumba haikupona.

Je, alitoka akamrukia? Thubutu! Mama Mapazia ameshona mapazia miaka mingi, anajua kitambaa hakikatwi kwa hasira. Jioni hiyo hiyo wakubwa wa ukoo walikuwa wanakuja kuamua kama ana akili au hana. Akiropoka sasa, Wifi angepata muda wa kutengeneza uongo mwingine.

Mlango ukagongwa.

"Wifi yangu! Nimesikia kishindo. Umeanguka?"

"Sijaanguka."

"Ulikuwa unaongea na nani humo?"

"Na sabuni."

"Maskini weee. Ikakujibu?"

"Imenyamaza. Ina adabu kuliko wengine."

Wifi akacheka kidogo, cheko la mtu mwenye karata zote. "Jikaushe vizuri, wifi. Wakubwa wako njiani. Na uvae lile gauni lako la bluu."

"Kwa nini la bluu?"

"Halina vifungo. Huko wanakokupeleka hawapendi vifungo. Wagonjwa wanavimeza."

Nyayo zikaenda zake zikiimba kwenye vigae.

Mama Mapazia akavaa jekundu.

*

Sebule ilikuwa giza kama tumbo la mtungi, ingawa nje jua lilikuwa bado linapika mabati. Wifi Manukato alikuwa amefunga mapazia yote, yale mazito ya kuzuia mwanga ambayo Mama Mapazia aliyashona kwa mikono yake. Pembeni ulikuwa umewashwa mshumaa mmoja. Kila mmoja alionekana nusu.

Nusu ya kwanza ilikuwa ya Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba yao Mkandarasi na Wifi. Mzee huyu ndiye huamua mambo ya ukoo, na huamua taratibu, kwa sababu hupenda chai imalizike kwanza. Nusu ya pili ilikuwa ya Shangazi, dada yake, mwanamke mdogo wa mwili mwenye ulimi wa kupasua nazi. Fundi Nyaya alikaa karibu na sahani ya maandazi, naye aliitwa athibitishe kwamba taa hazina kasoro. Mkandarasi alikaa peke yake kwenye kochi, simu ameilaza kifudifudi mezani.

"Baba Mkubwa," Mkandarasi alianza, akiangalia viatu vyake, "jambo hili linaniuma. Mke wangu anaumwa. Si mwili. Ni huku juu."

"Ugonjwa wa mtu wa ukoo hausemwi kwa haraka," Baba Mkubwa alisema. "Wataka nini?"

"Akapumzike mahali. Kuna watu wanaojua kuwatunza wa namna hiyo. Mimi nitasimamia mali yake mpaka apone. Hiki kiwanja, nyumba, na lile duka la mapazia."

"Na asipopona?" Shangazi aliuliza.

"Mungu ndiye ajuaye."

Alilisema kwa uso wa mtu ambaye Mungu ameshamdokezea.

Sasa unaijua bei ya jioni ile, msomaji. Ukoo ukisema ana wazimu, Mama Mapazia anatoka kwenye kiwanja cha baba yake na gauni lisilo na vifungo, na hakuna atakayemsikiliza tena maishani. Nani humsikiliza mwehu akisema si mwehu?

"Tazameni paji lake," Wifi Manukato alidakia, akisogeza mshumaa. "Limevimba. Amejigonga mwenyewe akigombana na sabuni. Nilimsikia kwa masikio yangu."

"Ni kweli, mke wa mwanangu?" Shangazi aliuliza.

"Nilijigonga kwa sababu taa ilizimwa, Shangazi."

"Ilizimwa na nani?"

"Na mtu aliyesimama ukumbini."

"Mnaona?" Wifi alilia. "Watu wa ukumbini! Jana walikuwa watu wa dirishani."

Baba Mkubwa akaweka kikombe. "Binti yangu, mimi sipendi maneno mengi. Hii taa inasikia watu?"

"Inasikia, Baba."

"Basi iambie iwake."

Mama Mapazia akasimama. Alijua kitakachotokea. Alisema hata hivyo, kwa sauti safi isiyotetemeka.

"Washa taa za sebuleni."

"Sauti hii haijulikani katika nyumba hii."

Hapo hata Fundi Nyaya aliacha kutafuna.

"Fundi," Baba Mkubwa aliuliza, "mashine ni nzima?"

"Nzima kama yai, mzee. Kazi yangu haina lawama. Inamjua kila mtu wa nyumbani."

"Kila mtu wa nyumbani," Wifi Manukato alirudia, na kila neno alilitia chumvi kabla ya kulidondosha kwenye kidonda. Kisha akatoa leso kubwa ya maua kifuani, akaizika pua yake ndani, mabega yakaanza kutikisika. "Wifi yangu jabadi... Bimi dampenda kaba dada yangu... Washa taa za sebuledi!"

Sebule ikalipuka kwa mwanga. Taa za dari, taa za kona, taa za nyuma ya runinga. Shangazi akafunika macho.

"Ajabu!" Baba Mkubwa alisema. "Analia, na bado inamsikia."

"Inasikia mtu mwenye akili timamu, hata akiwa na majonzi," Mkandarasi alisema polepole.

Baba Mkubwa akamtazama Mama Mapazia kwa macho ya mtu anayefunga jeneza. Akashusha pumzi. "Binti yangu, sioni njia nyingine. Mkwe akiugua, ukoo hauna budi..."

"Baba Mkubwa, nina ombi moja kabla hujamaliza."

"Lipi?"

"Wifi afute machozi. Aweke leso mezani. Halafu aizime."

Wifi Manukato akaganda na leso usoni. "Ya didi?"

"Ya nini?" Shangazi alidaka. "Si amesema? Kuweka leso mezani si kuchimba kisima. Weka tuone."

"Shangazi, nina majonzi."

"Majonzi yatakusubiri. Weka."

Leso ikawekwa. Na ilikuwa kavu, msomaji! Kavu kama ahadi ya mdaiwa.

"Zima taa," Wifi alisema kwa sauti yake nyororo.

"Sauti hii haijulikani katika nyumba hii."

"Zima taa!"

"Sauti hii haijulikani katika nyumba hii."

"Wewe kidude, ni mimi! Zima!"

Akasogea mpaka ukutani. Akakipigapiga kisanduku kwa kiganja. Akakibembeleza, akakitukana, akakibembeleza tena. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Mwanangu," alimwambia, "mbona na wewe unaongea na ukuta na ukuta haukujibu? Tukuletee gauni la bluu?"

Fundi Nyaya alicheka andazi likampalia. Na mpumbavu akipaliwa hutapika hata asichokula. "Nilimwambia mimi!" alisema, akikohoa. "Nilimwambia tusubiri mafua yaishe! Akasema hana muda wa kusubiri makamasi yake, na mimi nimalize kabla mwenzie hajarudi!"

"Kabla mwenzie hajarudi?" Baba Mkubwa alirudia.

Fundi akaona alikokanyaga. Akarudi kwenye maandazi.

"Wifi," Mama Mapazia alisema kwa upole, na upole ule ungemtisha hata fisi, "bana pua."

"Sitaki."

"Bana pua, mama. Kama ulivyobana ukumbini nikiwa na povu machoni."

Wifi Manukato akamtazama kaka yake. Kaka yake akatazama dari. Akamtazama Baba Mkubwa. Baba Mkubwa akamwonyesha kisanduku kwa kidevu.

Akabana pua. "Ziba taa za sebuledi."

Giza.

"Washa," Mama Mapazia alimwagiza.

"Washa taa za sebuledi."

Mwanga.

"Zima."

Giza. Mwanga. Giza. Mwanga. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Machozi ya Wifi sasa yalikuwa ya kweli, yanatiririka juu ya vidole vyake na kuchora mifereji kwenye poda.

"Inatosha, binti yangu," Baba Mkubwa alisema.

"Bado," Mama Mapazia alijibu.

Akamsogelea wifi yake karibu kabisa. "Iambie jina lako. Jitambulishe kwa nyumba hii. Bila kubana pua."

"Wifi, tafadhali..."

"Iambie."

"Mimi... mimi ni dada wa mwenye nyumba."

"Sauti hii haijulikani katika nyumba hii."

"Tena."

"Mimi ni..."

"Kwa nguvu. Majirani wasikie. Ndio uliowapelekea habari zangu."

Akalisema tena, na tena, na kisanduku kikamkana tena na tena, mpaka akashika pazia asianguke. Mama Mapazia alimtoa vidole kwenye pazia, kimoja kimoja. "Usilishike hilo," alisema. "Unanukisha kitambaa changu."

Usimhurumie sana Mama Mapazia wala usimpigie makofi. Mtu aliyekaa gizani muda mrefu hujifunza na tabia za giza.

"Si mimi peke yangu!" Wifi Manukato alipasuka. "Mnanikamua mimi tu! Kaka ndiye aliyesema mwanamke huyu atoke! Kaka ndiye aliyesema akitoka kwa wazimu kiwanja kinabaki!"

"Funga mdomo!" Mkandarasi alinguruma.

"Fungua," Shangazi alisema kutoka sakafuni. "Fungua, mwanangu, ndiyo kwanza chai inapendeza."

Lakini Baba Mkubwa alikuwa amesimama, na akisimama huyo chai imekwisha. "Fundi! Futa sauti zote humo ndani. Zote. Kisha msajili huyu mwanamke. Nyumba hii ni juu ya kiwanja cha baba yake, na imjue yeye kwanza."

Mama Mapazia alikaa. Kwa mara ya kwanza tangu swichi zizibwe, alivuta pumzi ikafika chini. Ameshinda! Hivyo ndivyo alivyodhani, na ndivyo ulivyodhani wewe.

Fundi Nyaya akatoa simu yake, akabonyezabonyeza. "Ya Wifi, imefutika. Ya mpishi aliyeacha kazi, imefutika." Akakuna kichwa. "Ee. Hii moja inagoma."

"Ipi?"

"Ile ya kwanza kabisa. Ya mwenye nyumba. Hiyo haifutiki mpaka mwenyewe aiamuru kwa mdomo wake. Bosi, hii si ndiyo yako? Ulinipa kisanduku hiki tayari kina sauti moja ndani, ukasema nisiiguse."

"Ni yangu," Mkandarasi alijibu haraka mno. "Iacheni. Nitaifuta mwenyewe kesho."

"Kesho yenu naijua," Mama Mapazia alisema. "Sema sasa."

"Mke wangu, tumechoka wote, tukae kwanza..."

"Kumbe nimeshapona? Nimekuwa mke wako tena? Sema 'zima', mume wangu. Neno moja."

Mkandarasi akalamba midomo. "Zima taa za sebuleni."

"Sauti hii haijulikani katika nyumba hii."

Hata Wifi Manukato aliacha kulia. Akageuka kumtazama kaka yake, na usoni mwake mlikuwa na mshangao wa mtu aliyekuwa mwizi msaidizi akidhani ni mshirika.

"Usituambie na wewe ulikuwa na mafua," Shangazi alisema, lakini hakucheka.

"Kaka," Wifi alinong'ona, "kumbe ndiyo maana kila siku huniagiza mimi niwashe. Mwenye nyumba ni nani?"

Simu iliyolazwa kifudifudi ikaanza kutetemeka juu ya meza. Mkandarasi akairukia. Shangazi, kwa kuwa alikuwa sakafuni, alikuwa karibu zaidi. Aliikwapua kama mwewe, akabonyeza kipaza sauti, akaiweka juu ya kichwa chake kama mtungi, wasimfikie.

"Baba, mpenzi wangu," sauti ya mwanamke ilisema, changa, tamu, yenye haraka. "Mbona kimya? Wameshamtangaza mwehu? Mimi mizigo yangu iko kwenye gari."

Mkandarasi aliinyooshea simu mkono, Shangazi akamkwepa.

"Baba? Nani yuko hapo?"

Mama Mapazia alisimama. Damu ilikuwa imemtoka usoni yote, kwa sababu masikio yake yalikuwa yameshaijua sauti ile na moyo ulikuwa bado unakataa.

"Mwenye nyumba ndiye yuko hapa," alisema.

Kisha kicheko. Kicheko chepesi chenye mkoromo mdogo mwishoni. Mama Mapazia alikuwa amekibeba kicheko hicho mgongoni siku walipomzika mama yao. Alikitafutia uji. Alikivusha barabara kwenda shule kwa kukishika mkono.

"Dada," sauti ilisema, "acha hizo. Kiwanja ni cha baba yetu sote. Wewe umekikalia muda wa kutosha."

"Mdogo wangu..."

"Zima taa zote."

Na nyumba, ambayo ilimkana mke, ikamkana wifi, ikamkana hata mume aliyeiletea taa hizo, ikatii neno lile bila kuuliza. Sebule, ukumbi, jiko, bafu, vyote vikamezwa. Mshumaa alikuwa ameupuliza Shangazi zamani, mwanga ulipowaka.

Gizani, mtu alivuta kiti. Mtu mwingine alianza kuomba Mungu. Mama Mapazia alinyoosha mikono mbele yake, akatafuta ukuta, akaukuta laini, laini kama shavu la bi harusi, hauna hata tundu la kuingiza kidole.

Kisha akaisikia sauti ile tena, safari hii mara mbili kwa pamoja, kwenye simu iliyokuwa kichwani kwa Shangazi na nyuma ya mlango wa mbele.

"Hodi."